Waliona "DNA" Kwenye Karatasi, Wakamaliza Kesi: Kisa cha Mpambaji, Fundi Mitambo na Jeni Moja

Ubuyu ulianza na picha moja tu. Karatasi ya maabara imepigwa haraka haraka, kona imekunjwa, na juu yake kuna majina matatu: la baba, la mama na la mtoto. Chini ya majina zikakaa herufi tatu ambazo mjini hapa zikionekana hakuna anayejisumbua kusoma zaidi. DNA.

Picha ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu asubuhi, jioni ikatua Instagram kwenye kurasa za umbea. Majina yamefutwa, lakini Kinondoni nzima ilijua wanaosemwa ni nani. Mwanamke ni mpambaji wa maharusi, yule ambaye bibi harusi akitoka mikononi mwake watu wanauliza kwanza nani kapamba, halafu ndiyo wanauliza keki. Mwanaume ni fundi mitambo kwenye kumbi na matamasha. Humuoni jukwaani, lakini akikosekana yeye hata msanii mkubwa anasikika kama anaimba ndani ya pipa.

Komenti zilishuka kama mvua ya masika. "Mkaka kabebeshwa zigo." "Mtoto mwenyewe kakataa kufanana na baba." "Mpaka mtu afike kupima, jua kuna mtu kachepuka." Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka, akamaliza: "Wapambaji hawa, uso wanautengeneza, tabia je?"

Si ajabu. Kwa Bongo, DNA ni kesi ya nani baba. Neno likitajwa, watu wanamuona Mkemia Mkuu wa Serikali, mahakama na hela ya matunzo. Nani angefikiri kwamba watu wawili wanaweza kutoa damu pamoja na mtoto wao bila hata mmoja kuwa na shaka na mwenzake?

Ukweli ni kwamba shaka ilikuwepo, ila haikuwa hiyo ya kwenye komenti.

Binti yao alizaliwa salama, uzito mzuri, kilio cha nguvu. Miezi sita alikuwa anacheka na kila mtu. Alipotimiza mwaka alikuwa na maneno yake manne: baba, maji, bibi, na "njoo" aliyoitamka "tyo". Alikuwa anapenda kukamata brashi za mama yake, ile kubwa ya poda ndiyo aliitaka zaidi, anaipitisha shavuni kwake huku kafumba macho kama wanavyofumba wateja.

Kisha, kati ya miezi kumi na minne na kumi na minane, vitu vikaanza kurudi nyuma. Brashi ikawa inamponyoka. Biskuti akawa anaiangalia tu, haifikishi mdomoni. "Tyo" ikapotea, halafu "maji", halafu "bibi". Neno la mwisho kuondoka lilikuwa "baba". Na mikono, ile mikono iliyokuwa inashika kila kitu, ikakutana katikati ya kifua na kuanza kusuguana, kama mtu anayenawa bila maji. Ilisuguana asubuhi mpaka jioni, ikapumzika usingizini tu.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Jirani akasema ni degedege lililopita usiku bila kuonekana. Mtu wa kanisani akasema maombi. Mtu mwingine akaleta namba ya mtaalamu wa Bagamoyo. Lakini kauli iliyokita mizizi ilitoka kwa wifi mtu: "Si mimba yote ilikuwa inashinda saluni? Yale madawa ya nywele, zile spirei, ulidhani yanaenda wapi?"

Mama mkwe hakuitikia wala hakukanusha. Na mume naye, hapa ndipo palipouma, hakusema neno. Alianza kurudi nyumbani usiku mno. Mara shoo imechelewa, mara anafungua mitambo, mara analala kwa mama yake kwa sababu ndiyo karibu na ukumbi.

Mpambaji akafunga saluni. Kwa wateja alisema anapumzika. Kwa shoga yake mmoja alisema ukweli: kila akifungua kopo la krimu, harufu inamwambia, "Ni wewe."

Baada ya kuzunguka sana, wakafika kwa daktari mmoja wa watoto anayeshughulika na magonjwa ya neva. Daktari hakuanza na vipimo. Alikaa akaitazama mikono ya yule mtoto kwa dakika kadhaa, kimya. Kisha akauliza maneno yalianza lini na yaliondoka lini. Akapima mzunguko wa kichwa, akafungua kadi ya kliniki na kufuatilia mstari: kichwa kilikuwa kinakua vizuri, halafu kasi ikapungua. Akasema kuna ugonjwa mmoja anaoufikiria, unaitwa ugonjwa wa Rett, na kwamba ili kuuhakiki inabidi kusoma jeni moja ya mtoto na kuilinganisha na ya wazazi wote wawili. Ndiyo hiyo karatasi ya majina matatu. Sampuli zikasafirishwa nje ya nchi, na kabla majibu hayajarudi, picha ikawa imeshavuja.

Jina hilo lina historia yake, na imeanza na mikono hiyohiyo. Mwaka 1954, katika jiji la Vienna, daktari wa watoto Andreas Rett aliwaona wasichana wawili kwenye chumba cha kusubiria, kila mmoja kapakatwa na mama yake, wote wakisugua mikono kwa namna ileile moja. Hawakuwa ndugu. Aliandika habari zao mwaka 1966, kwa Kijerumani, na dunia ikapita zake. Mpaka mwaka 1983, Bengt Hagberg wa Sweden na wenzake walipoandika kwa Kiingereza juu ya wasichana 35, ndipo madaktari wa nchi nyingine wakashtuka: kumbe na sisi tunao. Leo inakadiriwa ni msichana mmoja kati ya kila elfu kumi hivi wanaozaliwa, wa rangi yoyote na nchi yoyote.

Mwaka huohuo wa 1983, huko Houston, Marekani, daktari kijana Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut aliyefika Marekani wakati kwao kunawaka vita, alikutana na msichana wake wa kwanza mwenye ugonjwa huo. Hakuweza kumsahau. Akaamua kuitafuta jeni, wakati wengi wanaona ni kupoteza muda, kwa sababu ugonjwa wenyewe karibu kila mara unatokea kwa mtoto mmoja tu katika familia. Ilimchukua miaka 16. Mwaka 1999, yeye na timu yake, akiwemo mtafiti Ruthie Amir, wakaipata. Inaitwa MECP2, na inakaa kwenye kromosomu X.

Majibu yaliporudi, wazazi wakaitwa. Walikuja na magari mawili tofauti. Daktari akasema: mtoto ana badiliko kwenye MECP2. Herufi moja imekaa siyo. Baba akauliza swali moja tu, "Sasa hiyo jeni kazi yake nini?"

"Baba, kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi mitambo, dokta."

Daktari akatabasamu kidogo. "Basi wewe utaelewa kuliko wengi."

Akamwambia afikirie mikisa kubwa ya ukumbini. Chaneli kibao: ngoma, besi, kinanda, maikrofoni nane. Ukizipandisha zote juu kwa pamoja hupati muziki, unapata makelele. Fundi anachofanya, anabandika vipande vya tepu kuonyesha chaneli ipi ni ipi, halafu mkono wake unasoma tepu na kushusha kile kinachotakiwa kushuka. Sasa kila seli ya mwili ina jeni karibu elfu ishirini, na seli ya ubongo haizihitaji zote kwa sauti moja. Mwili nao unabandika tepu zake juu ya DNA, alama ndogo za kemikali zinazoitwa methili. Protini inayotengenezwa na MECP2 ndiyo mkono: inashika palipobandikwa alama, na kazi yake kubwa ni kutuliza sauti za jeni nyingine. Ikikosekana, jeni nyingi zinapiga juu kidogo kuliko inavyotakiwa, na nyingine zinashuka pasipostahili. Hakuna chaneli moja iliyoharibika kabisa. Mchanganyiko mzima ndiyo unakosa mpangilio.

"Mbona alianza vizuri?" Hilo lilikuwa swali la mama.

Kwa sababu MECP2 siyo jeni ya kujenga msingi wa ubongo. Msingi ulijengwa tumboni na ulisimama. Kazi ya MECP2 inakuwa kubwa baada ya mtoto kuzaliwa, pale seli za neva zinapokomaa, zinatoa matawi na kushikana mikono zenyewe kwa zenyewe kwa kila mtoto anachokiona na kukisikia. Protini hiyo huongezeka kwenye ubongo kipindi hichohicho. Ndiyo maana mtoto anakwenda sawa miezi sita, mwaka, mwaka na nusu, halafu anafika mahali ambapo fundi alitakiwa awe kazini, na fundi hayupo vya kutosha. Seli hazifi. Zinabaki ndogo, zimebanana, matawi machache. Zipo, ila haziongei vizuri.

Na saluni? Krimu? Spirei?

Daktari aliweka kalamu chini kabla ya kujibu. Damu ya mama ilisomwa, haina badiliko hilo. Damu ya baba ilisomwa, haina. Maana yake ni kwamba badiliko ni jipya, lilitokea kwenye mbegu au yai kabla mimba haijawa mimba, kabla mama hajajua kama ana mtoto. Hakuna krimu iliyopakwa mwezi wa tano ingeweza kufika huko. Halafu akaongeza kwa sauti ya kawaida tu: tafiti zilizofuatilia familia za namna hii zimeonyesha kwamba mara nyingi sana herufi hukosewa upande wa baba, wakati mbegu za kiume zinatengenezwa.

Kukawa kimya.

Siyo kwamba baba alifanya kitu. Mwili wa mwanaume unanakili DNA yake kila siku tangu kubalehe, kila nakala ina herufi kama bilioni tatu, na kwenye kunakili kwingi namna hiyo makosa machache hupenya. Kila mmoja wetu kazaliwa na makumi ya herufi mpya ambazo mama yake na baba yake hawana. Nyingi hazina madhara. Moja moja inatua mahali pabaya. Na kwa kuwa baba humpa X yake binti tu, mtoto wa kiume akipewa Y, kosa la namna hii likitokea kwenye X ya baba anayelipokea ni msichana. Uwezekano wa kujirudia kwa mtoto mwingine ni mdogo sana, ingawa siyo sifuri.

Kwa hiyo tafakari mzani ulivyogeuka. Mwaka mzima mwanamke amebeba kosa la saluni. Wiki tatu mtandaoni amebeba kosa la kuchepuka. Na karatasi ileile iliyomchafua ndiyo iliyomsafisha mara mbili: mtoto ni wao wote wawili, na kilichotokea hakikutoka mikononi mwake.

Mume alitoka nje ya jengo, akasimama kwenye kivuli cha mwarobaini, akashika simu. Hakuposti kitu. Alifungua grupu la familia, lile lenye mama, dada, mashangazi na binamu wa Tanga, akatuma voisi ya dakika nne. Akaeleza ugonjwa unaitwaje. Akaeleza umetokea wapi, bila kuficha kwamba huenda ni upande wake. Akamalizia: "Dada, yale maneno ya saluni, naomba yaishe leo. Na mimi nilinyamaza, nalo ni kosa langu."

Mwenye kufikiri kwamba mke alimrukia na kumkumbatia ameangalia tamthilia nyingi. Aliisikiliza ile voisi kwenye gari, akairudia, akamwambia, "Nilitaka useme hivyo kabla ya karatasi." Basi. Wakarudi nyumbani, kila mtu na gari lake. Lakini usiku ule gari zote mbili zililala uwanja mmoja.

Wifi alikuja baada ya siku tano na mfuko wa maembe. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alimchukua mtoto, akampakata, akaishika ile mikono inayonawa bila maji, akakaa nayo hivyo jioni nzima. Kuna watu radhi yao ndiyo hiyo.

Kuna swali ambalo wengi wakielezwa habari hii huuliza: kama jeni imeharibika, mtoto anaishije? Jibu lipo kwa paka. Umewahi kuona paka wa rangi tatu, mweupe mwenye mabaka meusi na ya chungwa? Karibu wote ni majike. Mamalia jike ana X mbili, na mapema kabisa tumboni kila seli inaizima moja, ikibaki na ya pili. Seli hii inazima X ya baba, ile inazima ya mama. Kwa paka, jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X, ndiyo maana mabaka yanatokea. Mwanasayansi Mary Lyon ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1961, kwa kutazama panya. Ubongo wa binti mwenye Rett nao ni mabaka mabaka: seli inayotumia X nzima ina fundi wake, seli ya jirani haina. Ndiyo maana wasichana wawili wenye ugonjwa mmoja wanaweza kutofautiana sana, huyu anatembea, yule hatembei. Mvulana mwenye X moja tu, kosa kubwa la namna hiyo likimpata, mara nyingi huumwa vikali tangu uchangani.

Na kuna sehemu ya hadithi hii ambayo fundi mitambo anaipenda kuliko zote. Mwaka 2007, Adrian Bird na wenzake wa Edinburgh, Scotland, walichapisha jaribio la panya waliozaliwa na jeni hiyo imezimwa. MECP2 ya panya inafanana sana na yetu. Panya wakaugua: wakatetemeka, pumzi zikayumba, wengine wakakaribia kufa. Kisha jeni ikawashwa tena, panya wakiwa tayari wakubwa. Wengi wakapona kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Maana yake ubongo ule haukuwa umeharibika moja kwa moja. Ulikuwa unasubiri.

Lakini jaribio hilohilo lilikuwa na onyo. Jeni ilipowashwa ghafla, baadhi ya panya walikufa. Na kwa binadamu wapo watoto, hasa wavulana, waliozaliwa na nakala mbili za MECP2 badala ya moja, nao wanaugua vibaya. Fundi alielewa haraka: ukishusha mno muziki unakufa, ukipandisha mno spika inalia. Ndiyo maana tiba ya kupeleka jeni nzima kwenye ubongo inakwenda kwa tahadhari. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 2023. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa Rett, trofinetide. Inasaidia dalili kiasi, haiponyi, na bei yake haishikiki kwa mtu wa kawaida.

Kwa hiyo nyumbani kwao hakuna muujiza wa kuposti. Kuna mazoezi ya viungo ili mgongo usipinde. Kuna dawa ya kifafa, maana kilikuja alipotimiza miaka mitatu. Kuna chakula laini na uvumilivu mezani. Kuna usiku ambao pumzi zake zinakimbia halafu zinasimama, na wazazi wote wawili wanaamka wanahesabu. Saluni imefunguliwa tena, siku nne kwa wiki. Wateja waliokimbia kipindi cha ubuyu, wengine wamerudi kimya kimya. Ukurasa mmoja uliifuta ile picha. Nyingine bado zipo nayo, komenti zikiwa palepale, kwa sababu mtandao una kumbukumbu nzuri ya uongo kuliko ya masahihisho.

Kama unaye mtoto, au mdogo wako anaye, na alikuwa na maneno halafu yakaondoka, alikuwa anashika vitu halafu akaacha, usisubiri mtu akwambie "atakuja tu kuongea." Mpeleke hospitali na kadi yake ya kliniki. Na kama ni wa jirani, kabla hujamuuliza mama yake alikula nini na mimba, kaa kimya, mpokee mtoto dakika kumi mama anyooshe mgongo.

Wasichana wenye Rett wana kitu kimoja ambacho kila anayeishi nao hukitaja: macho. Mikono imekataa, mdomo umekataa, lakini wanakutazama mpaka ndani, na wengi huweza kufundishwa kuchagua kwa kutazama. Huyu wa Kinondoni amewekewa kadi mbili mbili ukutani. Juzi mama yake alikuwa anajiandaa kwenda kazini, akaweka mbele yake picha mbili, ya katuni anayoipenda na ya ile brashi kubwa ya poda. Mtoto akaangalia katuni, akaiacha. Macho yakahamia kwenye brashi, yakatua hapo, yakakaa. Mama akampitishia shavuni, taratibu. Mtoto akafumba macho.